Hofu ya Swift na jibu la Johnson

Mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift alimwandikia Robert Harley, kigogo wa serikali ya Malkia Anne, akitaka liundwe baraza la wasomi la kukisafisha Kiingereza na kukizuia kisibadilike ovyo. Wafaransa walikuwa na baraza lao tangu 1635. Swift alichukia hasa mtindo wa kukata maneno. Kwa miaka alilipiga vita neno "mob" (umati wenye fujo), kipande kilichomegwa kutoka msemo wa Kilatini.

Ni rahisi kumwona mtu wa kununa tu, lakini hofu yake ilikuwa na msingi. Mshairi Chaucer alifariki mwaka 1400, na kufikia 1700 mshairi mwingine, Dryden, alikuwa akiziandika upya baadhi ya hadithi zake ili Waingereza wenzake wazielewe. Swift aliuliza: nani atajituma kuandika historia ya zama zake ikiwa wajukuu watahitaji mkalimani ili waisome?

Malkia alifariki 1714, chama cha Harley kikaanguka, na baraza likafa kabla ya kuzaliwa. Mpaka leo Uingereza haina BAKITA yake. Samuel Johnson naye alianza kamusi yake akiwa na tumaini kama la Swift. Alipoichapisha mwaka 1755, ikiwa na maneno zaidi ya 40,000, alikiri katika dibaji kwamba hakuna kamusi iwezayo kuizuia lugha isibadilike. Hapo mimi niko upande wa Johnson: lugha ni ya wasemaji, nao hawaombi kibali.

Hata hivyo, nusu ya alichokitaka Swift ilikwisha kuanza kutimizwa na mtambo wa kuchapa, ulioletwa Westminster na Caxton mwaka 1476. Tahajia ilitulia polepole huku matamshi yakiendelea kuhama. Katika "knight", k ilitamkwa zamani, na gh ilikaribia kh yetu ya "Sheikh". Sauti zimekufa, herufi zimebaki. Mwanafunzi anateseka, ndiyo, ila kwa sababu hiyohiyo anamsoma Swift leo, miaka 300 baadaye, bila mkalimani.

Wapo wanaotaka tahajia ifuate matamshi. Madai yao yana haki, maana watoto hupoteza muda mwingi kukariri. Lakini ifuate matamshi ya nani: ya London, ya Glasgow, au ya Lagos? Kila mji ukiandika unavyotamka, vitabu vya mmoja vitakuwa vigumu kwa mwingine, na vya zamani vitakuwa vigumu kwa wote.