Polaraiza siyo ya kuiweka kapu moja na filta zingine

Vijana wengi wanaopiga picha za harusi hapa Dodoma wanakwambia filta, vile vioo vya kufunga mbele ya lenzi, ni mambo ya enzi za filamu, siku hizi piga RAW (faili ghafi la kamera) alafu malizia kwenye programu ya kuediti kama Lightroom. Na kuna sehemu wako sahihi kabisa. Ile ya kuzuia miale ya UV imebaki ngao ya vumbi tu, maana sensa za kamera za dijitali hazisumbuliwi sana na UV, na usiku ukipiga taa zikiwa mbele inakuongezea vimng'ao vya ajabu. Filta za rangi nazo kompyuta ilishazizika.

Sasa polaraiza, filta ya kuzungusha inayokata mng'ao, mnaizikaje na hizo?

Chukua gari la maharusi limepaki karibu na Nyerere Square, kioo cha mbele kimejaa mawingu, bibi harusi hata haonekani. Mwanga ukigonga kioo kwa mshazari, ule unaorudi unakua unatikisika zaidi upande mmoja, polaraiza ukiizungusha inaukata huo. Inakata vizuri zaidi ukiwa kwenye kama digrii 34 toka usawa wa kioo, kwa maji kama ya bwawa la Hombolo ni 37 hivi, ukisimama mbele yake uso kwa uso haikusaidii kitu. Haya, hiyo utaediti vipi? Mawingu yakishafunika uso, sensa imerekodi mawingu. Kuna programu zina kitufe cha kuondoa mng'ao, sawa, ila pale palipoungua pakawa peupe zinabuni tu, alafu mama mtu afungue albamu aulize huyu ni nani.

Na jua letu linaipendelea. Polaraiza inakoleza pia bluu ya anga, na inakolea zaidi digrii 90 kutoka jua lilipo, na sisi tuko kama digrii 6 kusini ya ikweta, kwahiyo Oktoba jua likiwa utosini mida ya saa sita na nusu, ule ukanda wa bluu unazunguka chini kotekote juu ya vilima, saa ambayo watu wengi wamefungia kamera kwenye begi (hapo vivuli vya machoni ni kesi nyingine).

Ubaya upo. Inakula mwanga stopu 1 mpaka 2 (kila stopu moja ni kupunguza mwanga nusu), ukiingia ukumbini itoe. Mng'ao wa kromu tupu, ile chuma inayong'aa ya gari, haiugusi. Vioo vya madirisha ya pembeni ya gari vinaweza kutoa madoa ya upinde wa mvua, na lenzi pana jua likiwa chini inakupa anga lenye kiraka.

ND, filta ya kijivu ya kupunguza mwanga, kwa picha mnato sibishani, unaweza kupiga nyingi ukazichanganya. Ila video, jua kali, ISO 100, shata 1/50, tundu la lenzi linatakiwa liwe dogo, f/22, wewe unalitaka kubwa, f/2.8, hapo ni stopu 6, yani ND64, hakuna kuediti hapo.

Ukinunua polaraiza chukua ya lenzi yako yenye mdomo mkubwa zaidi, kama ni 77mm basi hiyo, zile lenzi ndogo uziwekee ringi ya kuunganishia.