Mama asiyeweza kujibu: Binyavanga Wainaina na haki ya kuisimulia familia

Mnamo Januari 2014, siku chache baada ya Rais Goodluck Jonathan wa Nigeria kutia saini sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na Uganda ikiwa njiani kufanya vivyo hivyo, mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina alichapisha andiko fupi aliloliita sura iliyopotea ya tawasifu yake ya mwaka 2011, One Day I Will Write About This Place. Katika sura hiyo anajiwazia yuko kando ya kitanda cha mama yake anayekata roho, Julai 2000, akimwambia sikioni kwamba anawapenda wanaume wenzake. Kelele zilizofuata zilihusu zaidi dini na sheria. Swali ninalolipima hapa ni jingine: je, mwana ana haki ya kumwingiza mzazi aliyekwisha kufariki katika siri ambayo mzazi huyo hakuwahi kuambiwa?

Wanaosema hana haki hiyo wana hoja nzito, na si haki kuwakusanya wote katika kapu la chuki. Katika jamii zetu sitara ni sehemu ya mapenzi. Mtu humfichia nduguye yale ambayo majirani wangeyatumia kumdhalilisha. Tena jina la ukoo si mali ya mtu mmoja. Mwandishi anayejitangaza duniani anawaachia dada na kaka zake maswali ya kanisani, ya kazini na ya vikao vya harusi, ilhali wao hawakuombwa ruhusa. Mama naye hawezi kukubali wala kukana.

Hata hivyo, anayelisoma andiko lenyewe, badala ya vichwa vya habari vilivyolizunguka, atakuta kwamba mwandishi aliiona hatari hiyo. Anatamka mapema kuwa mambo hayakutokea hivyo. Katika ukweli alikuwa Afrika Kusini, hakuwa amemwona mama yake kwa miaka mitano, kwa woga na aibu, na kwa kuhofia kwamba akitoka huenda asipate viza ya kurudi. Na katika tukio hilo la kuwaziwa hamtilii mama maneno kinywani: hampi baraka, hampi laana, wala hamfanyi atabasamu. Anachokiungama kama kosa ni kwamba hakumwamini mama yake. Kwangu mimi hapo ndipo andiko linaposimama imara, kwa sababu linaonyesha kwamba sitara ileile tunayoitetea kwa jina la familia ndiyo iliyochangia kumweka mwana mbali na kitanda cha mgonjwa. Siwezi kuita ulinzi wa familia jambo linalomzuia mtoto kumuuguza mama yake.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka kwa watu wanaomuunga mkono. Wainaina alikuwa mshindi wa Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika ya mwaka 2002, mwanzilishi wa jarida la fasihi la Kwani?, mtu mwenye marafiki katika mabara kadhaa. Kijana asiye na kipato, anayeishi chini ya Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya, ambacho kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 kwa vitendo vya ngono vya jinsia moja, hana kinga kama hiyo. Kumwekea tawasifu hiyo kama kipimo cha ujasiri ni kumsukuma mahali ambapo hakuna atakayempokea akifukuzwa nyumbani. Ndiyo maana nathamini sana njia iliyochukuliwa na kundi la wasanii la The Nest la Nairobi, lililokusanya simulizi za Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao bila kutaja majina yao, likatengeneza filamu iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2014, kisha likachapisha kitabu. Simulizi zisizo na majina humlinda msimulizi pamoja na ndugu zake. Lakini zina upungufu wake: mama wa msimulizi asiye na jina naye hana uso, na msomaji anaweza kuendelea kudhani kwamba watu hawa hawana kwao. Mtu kama Wainaina, wa Nakuru, mwenye jina, wazazi na shule zinazojulikana anaivunja dhana hiyo. Kwa hiyo naona njia zote mbili zinahitajika, ingawa kwa kijana anayeishi kwa wazazi ningeshauri ile isiyotaja majina bila kusita.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo pande zote mbili zimeipuuza. Mwaka 2015 Wainaina alipatwa na kiharusi kilichoathiri usemi wake, na marafiki na waandishi wenzake wakaanzisha mchango ili akatibiwe India, kama tunavyochangia wagonjwa wetu kila siku. Desemba 2016 alitangaza kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, akiwa na umri wa miaka 48. Waliomlaumu mwaka 2014 walidai kwamba ukweli wake ungemwacha peke yake, na waliomsifu walimgeuza alama ya mapambano. Mgonjwa anayehangaika kutamka sentensi moja hakuwafaa wote wawili. Ni hasara kubwa kwamba hatukupata kutoka kwake kitabu kizima kuhusu miaka hiyo, kwa kuwa maelfu ya familia za Afrika Mashariki zinauguza watu wa kiharusi, na ni waandishi wachache mno waliotueleza maisha hayo kutoka upande wa yule anayelishwa na kuogeshwa.