Blitzi Kila Mara Ndiyo Inayokumaliza: Ulinzi wa Madden ni Hesabu

Jaribio la tatu kati ya manne, zimebaki yadi 8 ili kupata majaribio mapya. Mchezaji mwenye haraka wa Madden, gemu ya video ya mpira wa Kimarekani, hafikirii mara mbili: anapekua kitabu cha michoro, anatafuta ule wenye mishale mingi inayomwelekea kwotabeki, yule mrusha pasi, anatuma watu saba wamvamie: hiyo ndiyo blitzi, kutuma zaidi ya wanne wa kawaida. Mara mojamoja kwotabeki anabwagwa chini na kelele zinapanda. Mara nyingi zaidi mpira unatoka mkononi kabla hawajamfikia, mpokeaji anaudaka yadi 6 mbele, anageuka, na hakuna mtu mpaka mstari wa mwisho. Lawama zote zinahamia kwa gemu.

Gemu haina kosa hapo. Msimamo wangu ni huu: tuma wanne, bakiza saba, na uanze kufikiria blitzi pale tu hesabu inapokuruhusu. Ulinzi una watu 11. Upande wa pili, watano wa mbele kazi yao ni kuzuia na kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi. Ukimtoa kwotabeki, wanabaki wapokeaji watano. Ukituma wanne, saba wako wanawalinda watano, wawili ni akiba. Ukituma sita, ni watano kwa watano, akiba imekwisha, na mlinzi mmoja akiteleza ni pointi sita. Tena hao sita si lazima wafike. Mkimbiaji akibakizwa nyuma kuzuia, inakuwa sita kwa sita, hakuna aliye huru, na kwotabeki anasimama ametulia kama mtu anayesubiri chai.

Anayedhani huo ni uoga aiangalie Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL, ya tarehe 9 Februari 2025, New Orleans. Vic Fangio, kocha wa ulinzi wa Philadelphia Eagles, hakutuma blitzi hata moja dhidi ya Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City. Wale wa mbele peke yao wakamwangusha mara 6, na Eagles wakaichapa Kansas City 40 kwa 22. Ni kweli alikuwa na watu wa mbele wa hatari, na wewe huenda huna. Lakini saba waliobaki nyuma ndio waliomnyima Mahomes pa kurusha haraka, na hilo timu yoyote kwenye gemu inaweza kulifanya.

Sasa hao saba wakae vipi? Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi moja. Kuanzia Kava 1 hadi 4, namba ni idadi ya walinzi wanaogawana eneo la nyuma: Kava 2 inaukata vipande viwili huko nyuma, karibu yadi 27 kwa kila sefti (mlinzi wa nyuma kabisa). Kava 3 inampa kila mlinzi wa nyuma kama yadi 18, Kava 4 kama yadi 13. Unachoongeza nyuma unakitoa mbele: Kava 2 ina watano eneo la karibu, Kava 3 wanne, Kava 4 watatu tu. Hakuna mchoro usiovuja. Kinachotakiwa ni ujue unavuja wapi kabla mpinzani hajagundua.

Chukua Kava 3, ambayo kila mtu anaikimbilia akibanwa. Mpinzani anapanga wapokeaji watatu upande wa kulia. Wa nje anachanja mbuga moja kwa moja na kumvuta beki wako wa pembeni hadi yadi 25. Wa pili anakwenda kama yadi 12 kisha anakata kuelekea mstari wa pembeni. Wa tatu, mara nyingi mkimbiaji au taiti-endi (mpokeaji anayesimama karibu na wazuiaji), anachepuka kwenye fleti, yadi 3 au 4 tu. (Fleti ni lile eneo fupi la pembeni, siyo nyumba ya kupanga.) Upande ule ulikuwa na walinzi wawili. Mmoja keshavutwa nyuma. Amebaki yule ambaye gemu inamwekea duara la zambarau, na sasa anatakiwa kuwa yadi 4 na yadi 12 kwa wakati mmoja. Mshika mbili, moja humponyoka: akisogea mbele, pasi inapita juu ya kichwa chake, akirudi nyuma, fleti ni tupu. Kwotabeki hana haja ya kuwa hodari. Anamtazama mlinzi mmoja tu na kurusha pale alipopaacha.

Wengi wakipigwa hivyo mara mbili wanabadili mpangilio mzima. Si lazima. Amua tu uko tayari kupoteza nini. Zikiwa zimebaki yadi 8 kwenye jaribio la tatu, pasi ya yadi 4 ni zawadi kwako: mwache adake, mkabe, wapige teke la kurudisha mpira. Kwa hiyo ingia kwenye marekebisho ya ukocha, tafuta kina cha zoni (umbali ambao walinzi wa eneo wanarudi nyuma), waweke wa zambarau kwenye yadi 15. Ukitaka njia ya mkato kabla mpira haujachezwa, bonyeza pembetatu (Y kwenye Xbox) kisha sukuma stiki ya kulia juu, ulinzi mzima utalinda kwa nyuma. Zikibaki yadi 2, geuza: stiki chini, kaba yaliyo karibu, na ile pasi ya yadi 12 uichunge wewe mwenyewe kwa padi.

Hapo kuna mtego mmoja. Kina cha zoni hakijirudishi chenyewe. Ukiweka 15 kwenye jaribio la tatu kisha ukasahau, mpinzani anakula yadi 5 au 6 kwenye kila jaribio la kwanza, na robo nzima itapita ukishangaa mabeki wako wamelala. Hawajalala, umewaambia wewe wakae kule.

Mchezaji wa kumwongoza wewe mwenyewe kwa padi ni lainibeka (mlinzi wa safu ya pili) wa katikati, mwenye duara la njano. Kumshika mtu wa mbele na kukimbizana na kwotabeki kunafurahisha, lakini unaiacha katikati mikononi mwa kompyuta, na kompyuta haijui kwamba mpinzani wako amerusha kwa taiti-endi mara tatu mfululizo. Simama kama yadi 5 kutoka kwenye mpira. Mpira ukichezwa, tazama kwanza wazuiaji: wakirudi nyuma ni pasi, wakikusukumia mbele ni mbio. Ikiwa ni pasi, rudi yadi 8 hadi 12 huku ukibaki kati ya zile safu mbili za alama za katikati ya uwanja, kisha mtafute mpokeaji anayekatiza kuja upande wako. Usimkimbilie mpaka mkono wa kwotabeki uanze kwenda. Ukiondoka mapema, unamwonyesha mlango.

Kuficha ni nusu ya kazi. Mpinzani anayejua anahesabu masefti kabla ya mpira kuchezwa: mmoja katikati, ni Kava 1 au 3, wawili, ni 2, 4 au 6. Ndiyo maana napendelea michoro minne au mitano ya mpangilio mmoja wa Nikeli, wenye mabeki watano, kuliko kurukaruka kurasa ishirini. Kava 2, Kava 4 na Kava 6 zinaanza na sura ileile. Kava 6 ni mchanganyiko, upande mmoja unalindwa kama Kava 4 na mwingine kama Kava 2, na ni dawa nzuri kwa wale wanaorundika wapokeaji watatu upande mmoja. Matoleo ya karibuni yanakuruhusu pia kuvaa sura ya Kava 2 huku mchoro wenyewe ni Kava 3. Itumie kwa kiasi. Sefti anayeanzia yadi 12 nyuma halafu anatakiwa kushuka hadi fleti atachelewa, na pasi ya haraka ya pembeni itampita.

Kulinda mtu kwa mtu kuna uvujaji wa aina nyingine. Mchoro wa watu watano mtu kwa mtu na masefti wawili nyuma unakaza pasi vizuri mno, lakini piga hesabu: watano, wawili, na wanne wanaokimbiza, jumla 11. Hakuna aliyepewa kwotabeki, na watano wamempa mgongo. Ukikutana na kwotabeki mwenye mbio kama Lamar Jackson atakukimbilia yadi 20 bila kuguswa. Mtoe mmoja wa wale wanne awe mlinzi wake, au waambie wa nje wawili wazuie pembeni badala ya kupenya ndani.

Kuhusu mbio nitasema kidogo. Wazuiaji watano na taiti-endi mmoja wanatengeneza nafasi 7 za kupita. Nikeli mara nyingi inaweka watu 6 pale karibu na mpira. Nafasi moja itabaki wazi, na mpinzani mwenye akili ataipata. Skrini ya kuchagua mchoro inakuonyesha idadi ya wakimbiaji, taiti-endi na wapokeaji wanaoingia. Ukiona wakimbiaji na taiti-endi wamefika watatu, ondoka kwenye Nikeli, nenda 4-3, wanne mbele na lainibeka watatu. Kuwabana wa mbele waingie ndani kunaziba katikati na kufungua pembeni.

Na wanaocheza College Football 25, gemu ya mpira huohuo wa vyuo, wasihamishe tabia zote za Madden. Kwenye vyuo, alama za katikati ya uwanja zimeachana futi 40, kwenye NFL ni futi 18 na nusu. Mpira ukiwekwa kwenye alama ya kushoto, upande wa kulia unakuwa mpana hasa, na Kava 3 iliyotosha kwenye Madden inaacha shimo kubwa pembeni.

Lakini kuna pahali ambapo blitzi naikubali bila ubishi: mpinzani anapotoa wote watano kupokea na kumwacha kwotabeki peke yake nyuma. Wazuiaji watano, ukituma sita, mmoja lazima awe huru. Weka mabeki wabane wapokeaji tangu mwanzo. Kwotabeki atalazimika kutoa mpira haraka, na pasi yake ya kukimbilia mara nyingi ni ya mpokeaji wa ndani anayekata kuja katikati, yadi 5 hivi. Kwa hiyo mtu wako wa padi asiwe kati ya wale sita. Msimamishe kwenye njia ya pasi hiyo, mwendo wa hatua mbili nyuma ya wale sita wako, na asisogee.