Kima kipya cha mshahara na haki za zamani zisizojulikana

Tangu Januari 2026, kima kipya cha chini cha mshahara wa sekta binafsi nchini Tanzania kimeanza kutumika. Kwenye viwanda vya mbao Mafinga, vinu vya mpunga Ubaruku na maduka ya Mwanjelwa, mwajiri mdogo ana lalamiko moja: sheria za kazi hazitulii.

Lalamiko hilo lina ukweli. Amri ya mshahara ilitangazwa Oktoba 2025, ikapandisha kima kwa wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Mwenye kiwanda aliyekwisha kupatana bei ya mbao na mteja wake hawezi kurudi kumwambia aongeze kwa sababu mishahara imepanda. Na mshahara haupandi peke yake, kwa kuwa mchango wa mwajiri kwa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 na ule wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi inakokotolewa juu ya mshahara huohuo. Mapema mwaka huo yalikuwa yamepita marekebisho mengine, likiwemo la kumwongezea likizo mama aliyejifungua mtoto njiti. Kampuni kubwa ina mwanasheria wa kufuatilia haya. Mwenye misumeno miwili na wafanyakazi wanane ana daftari, na pengine mhasibu anayepita mwisho wa mwezi.

Hata hivyo, tujiulize hali ilikuwaje sheria zilipotulia. Amri ya mshahara ya mwaka 2013 ilidumu hadi mwisho wa 2022. Kwa miaka tisa unga, sabuni na nauli vilipanda, lakini kima cha mchuma chai wa Mufindi na Rungwe kikabaki palepale. Utulivu huo ulilipiwa na mfanyakazi.

Tena si kila badiliko linamwumiza mwajiri. Mchango wa sekta binafsi kwa Mfuko wa Fidia ulishuka kutoka asilimia 1 hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka uliofuata. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi ilishuka hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na tangu 2021 haimhusu mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya kumi. Yule wa wafanyakazi wanane, kama hakupata habari hiyo, huenda bado anailipa.

Ninavyoona, kelele za mabadiliko zinaficha jambo zito zaidi. Haki nyingi zinazokiukwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini si mpya hata kidogo. Zimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya mwaka siku 28, likizo ya uzazi siku 84, saa 45 za kazi kwa wiki na zinazozidi kulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kwa kawaida mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana likizo ya malipo, ila sheria imemtoa mfanyakazi wa msimu kwenye kizuizi hicho. Ni vibarua wangapi wa chai na parachichi wanalijua hilo? Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtu wa Tukuyu akikaa nyumbani kungoja aitwe msimu ujao, siku hizo zinamwishia.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri abandike haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Bango hilo halihitaji mwanasheria, kwa hiyo hapa siwezi kumtetea mwajiri kwa hoja ya udogo wa biashara.

Habari nusunusu nazo zinagombanisha watu. Mei Mosi 2025, kule Singida, Rais alitangaza kima cha chini kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Hicho kilikuwa cha watumishi wa umma, kuanzia Julai. Muuza duka aliyesikia redioni "kima cha chini laki tano" akaenda kumdai bosi wake hakuwa mkorofi, na bosi aliyekataa hakuwa mwizi. Hawakuwa na karatasi ya kuwaamua.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka mabadiliko yapunguzwe. Yaendelee, ila yawe na tarehe moja. Wafanyabiashara wamezoea kutega sikio bajeti inaposomwa Juni, wakijua viwango vipya vinaanza Julai. Amri za mshahara na marekebisho ya sheria za kazi yangefuata kalenda hiyo, yakatangazwa miezi sita kabla, na ukurasa mmoja wa Kiswahili ukafikishwa ofisi za kata, vyama vya ushirika na vituo vya kupimia majani ya chai. Hapo mwajiri atakayelipa chini ya kima mwezi Agosti hatakuwa na utetezi, na ofisa kazi amchukulie hatua.