Piga picha kabla ya kuingiza kochi

Nilipohama Free Area kwenda Kiamunyi, hapa hapa Nakuru, nilirudishiwa elfu tatu kati ya elfu kumi na mbili nilizoweka dipoziti. Zilizobaki, niliambiwa, zimeliwa na rangi, kitasa cha choo na sinki lenye ufa. Ufa huo niliukuta. Aliyenikabidhi funguo alikuwa ameshaacha kazi, na msimamizi mpya alichoona ni sinki bovu na mpangaji anayetoka.

Siku hizi hata godoro halishuki kwenye pikapu kabla sijazunguka vyumba na simu. Nafungua mifereji, nachomeka chaja kila soketi, napiga picha mita ya maji na ya stima. Dari naitazama sana. Ukihamia Januari, nyumba ni kavu na inapendeza. Inavyovuja utaijua Aprili. Lakini alama za kahawia za mvua iliyopita huwa ziko pale juu, ukiinua shingo.

Kinachotushinda si simu, ni kuona haya. Tunaona kupiga picha ni kumshuku mtu kabla hajakukosea. Msimamizi wa Kiamunyi aliniuliza, "Dada, tushaanza kesi?" Nikamwambia, "La, mzee, hata wewe usije ukasingiziwa." Akacheka, kisha akanionyesha mwenyewe mlango wa kabati uliong'oka bawaba.

Picha zikikaa kwako tu hazina nguvu. Nilimtumia zote kwa WhatsApp jioni ile, na maneno machache: nimeikuta nyumba hivi. Akajibu, "Sawa, nimeona." Jibu hilo nalithamini kuliko picha zote arobaini. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kwenda bila wakili. Elfu tisa zangu zingetosha humo. Ningepeleka ushahidi gani, sasa?

Hiyo rangi ndiyo inayonikera zaidi. Ukuta ukipauka kwa jua la miaka mitatu, mpangaji ana kosa gani? Mzee wa Kiamunyi aliniambia kila anayehama hapo hukatwa pesa za rangi. Haya. Chumbani nilikuta gari la bluu limechorwa ukutani kwa kalamu ya nta, kazi ya mtoto wa aliyenitangulia. Hiyo ndiyo picha niliyoituma ya kwanza.