Waya Kwenye Kabureta ya Piper Cub

Katika ndege nyingi za Piper J-3 Cub zinazoruka hadi leo, mkono wa kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa umefungwa kwa waya pale kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, upande wa mafuta mengi, na rubani hana namna ya kuugusa akiwa hewani. Wenye ndege hizo wamezoea kusema kwamba injini ya Continental A-65, yenye nguvu za farasi 65, hainywi mafuta kiasi cha kuhangaikiwa. Kwa anayeruka karibu na usawa wa bahari sina ugomvi naye. Kwa anayeishi nyanda za juu, naona waya huo unamtia hasara, na si ya mafuta peke yake.

Chanzo chake ni hewa kupungua uzito kadiri ndege inavyopanda. Kabureta haiwezi kuupima uzito huo. Inavuta petroli kwa kufuata mvuto unaotokea hewa inapopita kwenye koo lake, yaani sehemu yake nyembamba, na petroli inayovutwa hivyo hupungua polepole kuliko hewa yenyewe inavyopungua. Uwanja wa Wilson, Nairobi, ambako ndege nyepesi zimekuwa zikiruka tangu miaka ya 1920, uko futi zipatazo 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu ya kawaida ya angahewa, hewa ya kimo hicho ina takriban asilimia 85 ya uzito wa hewa ya pwani, na mchanganyiko uliopangwa kwa ajili ya pwani huzidiwa na mafuta kwa asilimia 8 hivi. Mchana wenye joto la nyuzi 25, injini hupumua hewa nyepesi kama ya kimo cha futi 8,000, na ziada hiyo hukaribia asilimia 13. Kwa maneno mengine, Cub iliyofungwa waya ikiwa Wilson inalishwa kupita kiasi hata kabla magurudumu hayajaondoka ardhini, na nguvu inayopotea kwa sababu hiyo ni nguvu ileile ambayo rubani anaihitaji sana wakati wa kuruka.

Kwa haki, waya haukuwekwa kwa uvivu. Kabureta ya Stromberg NA-S3 iliyofungwa kwenye injini hizi haipunguzi mafuta kwa kuubana mfereji wake. Mkono ukisogezwa, tundu la hewa la bakuli la mafuta huzibwa kidogo kidogo, na mvuto kutoka kwenye koo la kabureta hushusha shinikizo lililo juu ya petroli, hivyo petroli husukumwa kwa nguvu ndogo zaidi kuelekea kwenye jeti, kitundu kinachoipitisha. Utaratibu huu una akili, lakini ni dhaifu. Injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini karibu hakuna mvuto, kwa hiyo mkono haufanyi lolote, na hauwezi kuizima injini. Kuizima ni kazi ya swichi ya magneto, kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche. Visahani vinavyoziba tundu hilo vikishalika, mabadiliko hayatabiriki tena. Fundi aliyeona hayo akachukua waya na koleo alikuwa na sababu, hasa pale ndege ilipokuwa ya kufundishia wanafunzi.

Kilichobadilika tangu wakati huo ni petroli. A-65 ilibuniwa kwa mafuta ya okteni 73 (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka ovyo), lakini petroli ya ndege inayopatikana kwa wingi sasa ni 100LL, ambayo licha ya kuitwa yenye risasi kidogo inaruhusiwa kuwa na takriban gramu 0.56 za madini hayo kwa lita, mara nne ya kilichoruhusiwa katika ile ya zamani ya okteni 80. Mchanganyiko uliojaa mafuta huchomwa kwa joto dogo, risasi haitoki yote kwenye ekzosi, na vipunje vyake vya kijivu huonekana vimekaa chini ya plagi zinapofunguliwa. Ningekuwa mwenye ndege, hili lingenisukuma kuutoa waya kuliko bei ya petroli.

Kwa sababu akiba yenyewe, tuseme kweli, ni ndogo. Cub hutumia kama lita 15 kwa saa, na asilimia 8 ya hizo ni lita moja na ushee. Kupunguza throtoli, yaani mkono wa nguvu ya injini, kidogo huokoa zaidi, maana nguvu inayohitajika kuushinda ukinzani wa hewa hupanda haraka mno kuliko mwendo unavyoongezeka. Anayetaka akiba zote mbili aanze kwa kuifanyia matengenezo kabureta, kisha akiwa juu asogeze mkono taratibu huku akiangalia mizunguko ya pangaboi. Itapanda kidogo, halafu injini itaanza kutetemeka. Hapo aurudishe mkono nyuma mpaka injini itulie. Kwenye nguvu kubwa katika hewa nzito ya chini asiguse kitu, kwa kuwa mafuta ya ziada ndiyo yanayopoza silinda.

Tahadhari moja inahusu tangi, ambalo hubeba lita 45 tu. Kipimo chake ni waya uliosimama juu ya boya, unaochungulia kwenye kifuniko mbele ya kioo na kurukaruka kila upepo ukitikisa ndege. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kuonyesha tofauti ya lita moja. Rubani asiihesabu akiba hiyo kuwa dakika za ziada za safari mpaka awe amejaza tangi mara kadhaa na kulinganisha lita alizonunua na saa alizoruka.