Usimpe dereva mgeni flatibedi na mikanda iliyochakaa

Vijana wengi wanaotafuta kazi ya flatibedi huuliza mileji, yaani pesa ya safari, kwanza. Ni haki yao, tumbo halina subira. Ila sijamsikia hata mmoja akiuliza gari lina minyororo mingapi na iko katika hali gani, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Flatibedi ni trela la wazi, halina ukuta. Mzigo unabaki juu kwa sababu wewe na taniboi wako, yaani msaidizi wa dereva, mmeufunga, basi.

Chukua nondo zinazotoka Jinja kwenda Juba kupitia mpaka wa Elegu. Chuma juu ya chuma huteleza. Boda akikukatiza ghafla ukakanyaga breki, gari litasimama lakini nondo zitaendelea na safari, na kilicho mbele yake ni kabini uliyoketi. Ndiyo maana wazoefu hulaza mbao chini, husogeza nondo mpaka ziguse kizuizi cha mbele, halafu hufunga katikati pia, si miishoni tu. Mkanda ukipita kwenye ncha kali bila kipande cha tairi kuukuu, utakatwa pole pole, tuta baada ya tuta. Na barabara zetu, mnajua wenyewe, kila kituo cha biashara kina matuta yake.

Marekani sheria inamtaka dereva akague mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, yaani kama kilomita 80, kisha kila maili 150 au saa 3, lipi litatangulia. Tena nguvu ya vifungio vyote kwa jumla isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Sioni sababu ya kutoiga. Ukiingia Uganda kutoka mpaka wa Malaba, kituo chako cha kwanza kiwe pale Naluwerere, Bugiri, ambako malori husimama kwa chai na kwa mengine ambayo si ya makala hii. Zunguka gari kwanza, chai baadaye. Mikanda hulegea mapema, mzigo ukiwa bado unajipanga.

Kuna mizani pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na ekseli ya usukani, yaani mhimili wa magurudumu ya mbele, isizidi tani 8. Mgeni hutazama jumla tu. Rola la bati likikaa vibaya, unaweza kuwa chini ya kikomo cha jumla na bado ukakwama kwenye mizani ya Magamaga kwa ekseli moja, huku kreni ya kulisogeza iko kiwandani ulikotoka. Kwa hiyo wakati wa kupakia usilale kabini. Simama pale, uliza, kataa ikibidi.

Turubai nitalitaja kwa ufupi: likilowa ni zito ajabu, na juu ya mzigo hakuna pa kushika. Marekani kampuni nyingi humlipa dereva nyongeza kwa kufunika. Kwetu hiyo ni kazi ya taniboi, na malipo yake ni asante.

Hapo ndipo ninapowalaumu wenye magari. Wanamwondoa taniboi ili kupunguza gharama, kisha wanamkabidhi mgeni mwenye leseni mpya gari lenye mikanda iliyochanika. Shule ya udereva haifundishi kukaza mnyororo. Utaniboi ndio uliofundisha, japo kwa njaa na matusi. Mimi ningependa ubaki, ulipwe vizuri, na asiyeupitia asipewe flatibedi hata kama anajua kurudisha trela nyuma kwa jicho moja.

Kazi hizi hazipungui. Mabomba yaliyopakiwa Sojo, kule Nzega, Tanzania, na kuingia Uganda kupitia Mutukula kwa ajili ya ule mradi wa bomba la mafuta ghafi (EACOP) wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, yana urefu wa mita 18 na ni ya mviringo. Mzigo wa namna hiyo haufungwi kwa kubahatisha.

Kwa hiyo, mdogo wangu, bosi akikwambia mikanda ya zamani bado inafaa, usibishane naye. Mwombe tu aandike hivyo kwenye karatasi ya kupakia na kuweka sahihi. Wengi hupata pesa ya mikanda mipya siku hiyo hiyo.